Faili la Mzee wa Giheke

Katika sekretaria, yaani vile vyumba vya kuchapa barua, kudurufu vitambulisho na kujaza fomu za mtandaoni, kuna watu wa aina mbili: wanaotazama kibodi wakichapa, na wasioitazama. Mimi nilikuwa naitazama. Maman hakuitazama kamwe, na kwa hilo tu nilimchukia.

Tulimwita Maman sote, wateja na patron, mwenye sekretaria, pia. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, wa miaka hamsini na kitu, aliyevuka mpaka kwa miguu kila asubuhi kuja kufanya kazi kwetu Kamembe, upande wa Rwanda, chakula chake kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Kuchapa alifundishwa na masista, juu ya ile mashine nzito ya chuma, kabla sijazaliwa. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa na kazi. Mimi niliyesoma informatika miaka miwili na kutundika cheti ukutani, juu kabisa ili kila anayeingia akione, nilichapa kwa vidole vitatu.

Nami ni wa Bukavu kwa kuzaliwa. Wazazi wangu ni Wanyarwanda waliolelewa upande ule, tukarudi nikiwa na ndevu za kwanza. Swahili yake na yangu ni moja, nyimbo tulizokulia ni zilezile, na ukitusikia tukisalimiana ungedhani ni shangazi na mpwa wake. Lakini wateja waliingia, wakanipita mimi na cheti changu, wakaenda kupanga foleni kwenye meza yake dirishani. Hata niliposema, "Karibu huku, hakuna foleni," walijibu kwa adabu, "Asante, tunangojea Maman." Mtu anaweza kuzeeka siku moja kwa neno kama hilo.

Sasa nieleze habari ya kibodi, maana bila hiyo ubaya wangu hautaeleweka. Kompyuta zetu zilikuwa na kibodi za Kiingereza, na mikono ya Maman ilikuwa ya Kifaransa. Kwenye kibodi ya Kifaransa, pale Kiingereza kilipoandika Q pana A, na palipo na W pana Z. M nayo imehamia kulia kabisa, mahali ambapo Waingereza wameweka nukta-mkato yao, yaani ;. Dawa yake ni rahisi. Unaiambia kompyuta ijifanye ya Kifaransa, na kwa kuwa mtu mwenyewe hatazami vitufe, hajali vimeandikwa nini. Kompyuta ya dirishani ilipangwa hivyo kwa ajili yake. Na kuigeuza irudi Kiingereza hakuhitaji cheti. Unabonyeza Alt na Shift kwa pamoja, basi. Haitoi sauti. Vijiherufi viwili tu vinabadilika kule chini pembeni mwa skrini, FR inakuwa EN, na hakuna anayetazama huko.

Hiyo ndiyo iliyokuwa burudani yangu. Nilikuwa napita nyuma yake, najifanya nainama kuokota karatasi, nabonyeza, naenda zangu. Yeye macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa mteja anayesema, vidole vikienda vyenyewe. Nusu ukurasa baadaye anageuka kutazama skrini na kukuta kila "mama" imekuwa ;q;q, na kila "baba" imekuwa bqbq. Namwambia, "Maman, leo unaandika Mashi ya kwenu ama Kichina?" Wateja wanacheka, na mimi nacheka kuwashinda. Maman alikuwa anafuta yote, anageuza kibodi, anamwambia mteja, "Mungu wangu, unisamehe, tuanze tena," kana kwamba kosa ni lake.

Kulikuwa na baya kuliko hilo. Njia ya mkato ya kutengua ulichokosea ni Ctrl na Z. Kidole cha Maman kikienda kutafuta Z, na kibodi imegeuzwa, kilianguka juu ya W, na Ctrl na W haitengui kitu. Inafunga kazi yote. Kompyuta inauliza kama uhifadhi au usihifadhi, na yeye, mteja akimpumulia shingoni, mara nyingine alijibu hapana, na kazi ya nusu saa ikaenda. Siku hizo nilikuwa naenda kunywa chai nikipiga mluzi. Akufukuzaye hakwambii toka. Nilitaka aondoke, na sikuwahi kumtamkia.

Halafu akaanza kuja mzee mmoja wa Giheke. Alikuja kila Alhamisi, na koti lake la kijivu, viatu vyake vimepanguswa udongo kwa majani kabla ya kuingia. Alikuwa mkulima wa kahawa, lakini ujana wake wote aliumalizia Kongo, na baadhi ya watoto wake hawasomi vizuri ila Kiswahili. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Alitaka kuandikiwa maneno yake ya mwisho.

Kwetu msiba una siku yake ya kufungwa, siku ya kuondoa kilio, au kutosha kilio kama wanavyosema Bukavu. Jamaa wanakusanyika uani, watoto wa marehemu wakikaa mkekani na wageni kwenye mabenchi, na maneno aliyoyaacha marehemu yanasemwa mbele ya wote: nani anashika nafasi yake, nani anatunza nini, nani ana baraka yake na nani hana. Wazee wengi humwachia maneno hayo mtu mmoja wanayemwamini, naye husimama siku hiyo akayasema, na yanakubaliwa. Mzee huyu hakutaka mdomo wa mtu. Alimwambia Maman, nasi sote tukasikia, "Muntu akikufa, batoto banaanza kubishana. Papa alisema hivi, Papa alisema vile. Karatasi ya machine inabanyamazisha."

Kuanzia hapo aliinama karibu na sikio la Maman akasema kwa sauti ya chini, na Maman akachapa akimtazama usoni. Alhamisi tano zilipita hivyo. Kila jioni faili lilihifadhiwa kwenye folda ya wateja, nami nililiona humo kwa macho yangu. Mzee alikataa kuchukua karatasi nusunusu. Alisema ataichukua siku maneno yakiisha. Siku ya tano nilimsikia akisema yameisha, na wiki inayofuata atakuja kutia alama ya kidole. Wiki iliyofuata hakuja. Alianguka kwenye shamba lake la kahawa asubuhi, hakuamka tena.

Siku tatu baadaye akaingia binti yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kitenge kilichofifia na mikono ya mtu anayebeba mizigo yake mwenyewe. Alikuwa ameolewa Burundi na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akipita mpaka wa Ruhwa kila wiki. Alisimama mlangoni kwanza, kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu.

"Ni nani aliandikaka maneno ya Papa wa Giheke?" akauliza.

Maman akamvutia kiti. Hakuwa na siri, yule binti. Alisema yote mbele yetu. Mwaka aliokufa mama yake, mpaka wa Ruhwa ulikuwa umefungwa. Hakuweza kuvuka, mama akazikwa bila yeye. Tangu siku ile baba yake hakusema naye tena. Akipiga simu, mzee anampa yeyote aliye karibu, hata mpita njia. Mpaka ulipofunguliwa alikuja mara mbili na mbuzi, na mara mbili akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni.

"Kaka zangu banasema tungojee karatasi," akasema. "Kama Papa alinisamehe, nitaikala ku mukeka na benzangu siku ya kutosha kilio. Kama hakunisamehe, sijue nitaikala wapi. Minataka kujua hiyo moja tu, Maman. Bingine bibaki."

Maman akamshika goti. "Urudi kesho, mwana wangu. Karatasi itatoka."

Ni lazima niseme kwamba asubuhi ile, kwa mazoea tu, nilikuwa nimekwisha kupita nyuma ya Maman na kubonyeza Alt na Shift. Sikuwa na sababu maalumu. Mtu anayetafuna kucha hana sababu pia.

Kama saa moja baada ya binti kuondoka, Maman aliinua mikono kutoka kwenye kibodi akaiweka mapajani. "Faili ya Mzee imepotea," akasema. Patron akaja mbio. Maman akaeleza polepole: alitaka kutengua kosa dogo, alibonyeza Z kama siku zote, kazi ikafungwa, kompyuta ikauliza, akajibu hapana kwa haraka, na sasa faili haliko. Kisha akaonyesha kwa kidole pembe ya chini ya skrini. EN. "Huyu ndugu anageuzaka klavie yangu kila siku," akasema, bila kunitazama. "Leo pia aliigeuza."

Ilikuwa kweli, na wateja walikuwapo kushuhudia, walewale waliocheka na mimi. Ghafla hakuna aliyewahi kucheka. Patron akaniambia mbele ya foleni kwamba kesho yake nitamwomba msamaha yule mwanamke kwa mdomo wangu mwenyewe, na cheti changu nikishushe ukutani mpaka nijue maana yake. Nilikishusha. Palibaki alama nyeupe ya mraba, na kila aliyeingia aliitazama.

Kesho yake binti alifika, nikasema nililoambiwa niseme. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, halafu akamgeukia Maman kana kwamba mimi ni mvua iliyokwisha kunyesha.

"Bon. Lakini weye ulisikia. Papa alisema nini juu yangu?"

"Alikusamehe," Maman akajibu. "Nilisikia na masikio yangu, niliandika na hii mikono. Alisema mpaka ilikuwa imefungwa, haikuwa kosa yako. Nitakuja Giheke, nitayasema mbele ya kaka zako."

Yule mwanamke alijifunika uso kwa kitenge na kulia mbele ya watu waliokuja kudurufu vitambulisho. Maman alimpigapiga mgongo. Mimi nilisimama pale na alama yangu nyeupe ukutani, na sikuona chozi la mtu. Nilikuwa nafikiria Ctrl na W.

Maana kuna jambo halikukaa sawa, na kwa hili cheti changu kilikuwa cha kweli. Ctrl na W inafunga faili, haifuti faili. Ukijibu hapana unapoteza ulichoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho, si zaidi. Alhamisi tano zilikuwa zimehifadhiwa. Basi hata vidole vya Kifaransa vingekosea namna gani, faili la wiki iliyopita lilipaswa kuwa limelala kwenye folda yake, salama salimini.

Maman alipoenda kula, nikakaa kwenye kompyuta yake. Folda ya wateja: halimo. Nikatafuta kwa jina kompyuta nzima: hakuna. Nikafungua kapu la taka, ambamo kila kilichofutwa huangukia kabla ya kupotea kabisa. Lilikuwa limejaa takataka za miezi, barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi iliyokwisha kuzaa watoto, lakini faili la Mzee halikuwamo. Nikafungua orodha ya kazi zilizofunguliwa karibuni. Hapo jina lilikuwapo. Nikalibonyeza, kompyuta ikajibu kwamba kitu hicho hakipo tena mahali pake.

Kwa hiyo lilikuwapo, na limeondolewa bila kupita kwenye kapu. Njia ya kufanya hivyo kwa kibodi ni moja: unachagua faili, unashika Shift, unabonyeza Delete. Na Delete haina Kifaransa wala Kiingereza, iko mahali palepale kwenye kibodi zote mbili. Tena kompyuta haitii hivihivi tu. Inakuuliza kama una hakika unataka kulifuta moja kwa moja, na inangoja jibu. Mtu alijibu ndiyo.

Maman alikuwa amelifuta mwenyewe, kwa makusudi, akanitwika mimi. Miezi yote nilimwita kizee asiyejua mashine, na siku alipohitaji pa kuficha kitu, alikificha nyuma ya dharau yangu. Nani angemshuku? Mtu mwenye akili hapo angejiuliza, kwa nini mama mwaminifu kama huyu afute maneno ya marehemu? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na neno moja tu kichwani, nalo lilikuwa tamu kama muwa: sina kosa. Mimi, baada ya ;q;q zote zile, sina kosa.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini faili huzoleka ukiwahi. Kompyuta ikifuta kitu haikichomi. Inabandua jina mlangoni tu, na vitu vyote vinabaki ndani ya nyumba mpaka aje mpangaji mwingine avitupe nje. Nikaifunika ile kompyuta kwa kitambaa, nikabandika karatasi: IMEHARIBIKA, ili mtu asiandike chochote juu yake. Maman akahamia kwenye kompyuta nyingine bila kuuliza. Labda alidhani namwogopa. Labda kweli hakujua kwamba kilichofutwa kinaweza kurudi, maana masista hawakufundisha hilo.

Jumapili wenzangu walipokuwa kanisani, nilifungua sekretaria peke yangu. Nilikuwa na programu ya kufufua mafaili kwenye flashi. Iliichambua kompyuta saa mbili nzima, ikaleta mamia ya vipande, vingine vimeoza, vingine vizima. Faili la Mzee lilirudi likiwa limepoteza jina lake, limebaki na namba tu, lakini ndani halikukosa hata nukta. Nikalisoma. Mashamba, kahawa, nani atakuwa kichwa cha nyumba, nani amtunze shangazi kipofu. Maman alikuwa amechapa neno kwa neno, kama Mzee alivyosema. Nikafika hapa:

"Na ule binti wangu wa Burundi, aliacha mama yake azikwe kama muntu hakuzaa. Anasema mpaka ilikuwa imefungwa. Bengine balizungukia Kongo, Uvira na Bukavu, bakafika. Siku ya kutosha kilio asiikale ku mukeka na batoto wangu. Aikale na bageni. Na bageni bakimuuliza ni nani, aseme ni mugeni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa baadaye, sikuelewa nusu. Nilielewa yote palepale, nikiwa na chai yangu mkononi: kwa nini alifuta, kwa nini alifuta siku ileile binti alipokuja, kwa nini alijitolea kuonekana mjinga. Ningeweza kufunga kila kitu na kwenda kanisani, ibada ilikuwa haijaisha. Nilijiambia kwamba neno la marehemu ni neno la marehemu, na mchapaji ni nani hata alirekebishe. Ni hoja nzuri. Nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na bado sijapata mtu wa kuipinga. Lakini si kwa ajili yake nilichapisha ile karatasi. Niliichapisha kwa sababu nilitaka kumwona Maman akiwa amesimama mbele ya watu na uongo wake mkononi.

Siku ya kuondoa kilio nilichukua pikipiki mpaka Giheke. Uani walikuwa wamefunga turubai. Upande mmoja mkeka mkubwa wa watoto wa marehemu, upande wa pili mabenchi ya wageni, katikati pombe ya ndizi na soda. Maman alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na kukaa karibu na kaka mkubwa, tayari kusema. Binti alikuwa bado amesimama, karibu na ukuta wa jiko, akingoja kuambiwa akae wapi.

Nilimwendea yeye moja kwa moja. "Dada, nilirudisha faili ya papa yako," nikamwambia, nikampa bahasha.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, Papa," akasema, akiniita hivyo kwa heshima kama mtu mzima. "Mungu akubariki na batoto bako." Nikapokea baraka hiyo. Nilimtazama machoni nikaipokea.

Nilitegemea angefungua palepale. Hakufungua. Alisema maneno ya baba si ya kusomwa pembeni, akaipeleka bahasha kwa kaka yake mkubwa, na kaka yake akaitoa karatasi, akampa Maman, kwa kuwa yeye ndiye aliyeichapa na yeye ndiye anayejua vituo vyake. Maman akaitazama. Akainua macho akanitafuta kati ya wageni, akanipata. Nilikuwa nimengoja hofu, au hasira. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyepandisha mzigo mlima wote na kuambiwa aurudishe chini.

Halafu akasoma. Yule ambaye hakutazama kibodi maisha yake yote, siku ile hakubandua macho kwenye karatasi. Alisoma mashamba kama yalivyo, alisoma kahawa, alisoma shangazi kipofu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Akafika pale. Sikusikia sauti yake ikisita hata kidogo.

"Na ule binti wangu wa Burundi," akasoma, "mpaka ilikuwa imefungwa, haikuwa kosa yake. Nilikasirika kama papa anakasirikaka, na sasa imeisha. Siku ya kutosha kilio aikale ku mukeka na benzake."

Kaka mkubwa akainamisha kichwa. Mdogo akasogea, akapigapiga mahali palipo wazi kando yake. Yule mwanamke akatoka kwenye ukuta wa jiko, akavua viatu, akakaa mkekani, na dada zake wakamkumbatia shingoni. Na mimi, niamini au usiniamini, nilifurahi. Maman alikuwa amenishinda mbele ya macho yangu, kwa karatasi yangu mwenyewe, na kwa muda mfupi nilifurahi kushindwa. Nikapokea soda.

Pombe ilipoanza kuzunguka, binti akanyoosha mkono. "Maman, minaomba ile karatasi. Nitaenda nayo Burundi."

"Iko na makosa mingi," Maman akasema, akiikunja. "Niache nikuandikie ingine ya muzuri. Jumatatu utaikuta."

"Hata na makosa, ni ya Papa."

Maman akanitazama tena. Mimi nilikuwa mtu wa mashine. Kama ningesema ni kweli, ina makosa, ilirudi imeharibika, turudishe tukaisafishe, hakuna mtu uani pale angebisha. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nilikunywa soda. Kaka mkubwa akaichukua karatasi kwa upole kutoka mkononi mwa Maman, akampa dada yake, akasema, "Ni haki yake."

Aliifungua juu ya magoti. Utotoni alikwenda shule ya msingi Bukavu, na alisoma vizuri, midomo ikisogea kidogo mstari kwa mstari. Dada zake walikuwa wakicheka jambo fulani la zamani la baba yao na kipande cha sabuni. Niliona midomo yake ikipita kwenye mashamba, ikipita kwenye kahawa. Halafu ikaacha kusogea. Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo kwa meno. Hakulia. Hakumtazama Maman, na Maman alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Alingoja mpaka dada zake walipogeuka kupokea vinywaji. Akanyanyuka, akavaa viatu, akajipangusa magoti. Akavuka uani taratibu, kama mtu anayekwenda kumsalimia mtu anayemfahamu, akafika kwenye benchi la wageni, mahali nilipokuwa nimekaa.

"Sogea kidogo, Papa," akaniambia.

Nikasogea, akakaa.